Ipakuliwe mara moja, igawiwe kwa wote: majina ya wahami hayawezi kungoja rezo

Mhami wa vita anapoandikishwa, anatoa jina lake, majina ya watoto, kijiji alichokimbia na namba yake ya simu. Yote yanaingia ndani ya kompyuta. Orodha kama hiyo ikianguka mikononi mwa watu wabaya, familia nzima inaweza kuwa hatarini. Ndiyo maana masasisho ya usalama, yaani marekebisho yanayoziba matundu ya programu, si jambo la mafundi peke yao.

Mwezi wa kwanza 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa mtandao waliingia katika habari za watu zaidi ya 515,000 duniani, wakiwemo waliotengana na jamaa zao kwa sababu ya vita. Kamati yenyewe ilieleza kwamba waliingia kupitia tundu la programu ambalo lilikuwa bado halijazibwa. Kama shirika kubwa hivyo lilichelewa, je, ofisi zetu ndogo?

Huku kwetu mashariki, sababu ya kuchelewa tunaijua: rezo ni ndogo. Asubuhi kompyuta zote zinaanza kupakua kwa pamoja, kazi inakwama, na watu wanangoja kwenye jua na jetoni mkononi. Mkubwa wa ofisi anakasirika na kuamuru masasisho yazimwe. Hasira yake ninaielewa, lakini amri hiyo siikubali. Anaponya foleni ya leo na kuacha mlango wazi kwa mwizi wa kesho.

Tufanye hesabu. Ofisi ina kompyuta 20, na sasisho moja lina mega 500. Kila kompyuta ikijipakulia, ni mega 10,000. Kwa laini ya megabiti 2 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya saa 11, hata kama hakuna mtu mwingine anayeitumia. Lakini kompyuta moja ikipakua kwa niaba ya zote, ni kama dakika 33. Zingine zinachukua kwake kupitia nyaya za ndani ya ofisi, bila kugusa laini ya nje.

Hilo halihitaji pesa nyingi. Windows 10 na Windows 11 zina mpangilio unaoruhusu kompyuta za ofisi moja kugawiana vipande vya masasisho, na mahali pa kuweka kikomo cha rezo wakati wa kazi. Kinachohitajika ni fundi kupewa ruhusa na muda.

Wengine watasema: usiku jenereta imezimwa, nani atapakua? Kompyuta moja ya mkononi yenye betri nzuri, pamoja na betri ndogo ya kushikilia modemu, zinatosha kwa kazi ya nusu saa. Asubuhi umeme ukirudi, fundi anajaribu kwanza kwenye kompyuta mbili. Zikienda vizuri, anagawia zingine kwa vikundi, akianza na zile zinazobeba majina ya watu. Na tawi la mbali lenye rezo dhaifu kabisa? Lipelekewe masasisho kwenye diski ya kazi hiyo tu, isiyochomekwa popote pengine.

Ninayoomba kwa wakubwa wa mashirika na wa serkali ni matatu: msizime masasisho, pakueni mara moja kwa kila ofisi, na mtaje mtu mmoja anayejibu kila wiki kama kazi imefanyika.

Nanyi ndugu wahami, mnayo haki ya kuuliza kwenye meza ya uandikishaji: majina yetu mnayalinda namna gani? Mliyakimbiza maisha yenu kwa miguu. Haifai yanaswe tena kwa sababu ya kompyuta iliyosahauliwa.