Chuo cha Wananchi Si Jalala la Waliofeli

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, kuna kauli inayochipuka kama majani baada ya mvua za kwanza. Mtoto kapata ziro, wazazi wamekaa barazani wanahesabu ada iliyokwenda na maji, na jirani anatoa ushauri: "Akishindikana kabisa, mtafutieni FDC." Kauli hiyo ingekuwa ya barazani tu, ningeiacha ipite. Lakini inatoka pia vinywani mwa wageni rasmi kwenye mahafali, watu walioshikishwa kipaza sauti ili wawape vijana mwelekeo, nao wanawatisha kwamba asiyekaza buti ataishia chuo cha wananchi, hiyo hiyo FDC. Wanayasema hayo katika mkoa wa Pwani, ambao Kibaha kuna chuo cha maendeleo ya wananchi na Kisarawe kuna kingine, vyenye walimu na wanachuo wanaosikia. Anayewatisha vijana kwa jina la vyuo hivyo hajui vilitoka wapi, na kutojua kwake kunawagharimu watu wa Pwani mpaka leo.

Vilitoka mbali. Nikolaj Frederik Severin Grundtvig alizaliwa Denmark mwaka 1783 na kufariki 1872. Alikuwa mchungaji, mtunzi wa nyimbo za kanisa, na mjumbe wa bunge lililotunga katiba ya mwaka 1849. Shule za wasomi za zama zake zilitukuza Kilatini, zikakaririsha na kutahini, na mtoto wa mkulima aliyebahatika kuzipitia alitoka akiionea haya lugha ya mama yake. Grundtvig alisema wazi kwamba shule ya namna hiyo inaua. Alitaka shule ya watu wazima, ya vijana waliokwisha kushika jembe, wanaokuja kwa hiari yao na kuishi pamoja na walimu, wakifundishwa kwa lugha yao wenyewe historia ya nchi yao, sheria zake na namna ya kusimama na kusema mbele ya wenzao. Na mtihani usiwepo. Shule yake ya kwanza ya watu wazima ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Mwaka 1851 Christen Kold, mtoto wa fundi viatu, akafungua yake huko Ryslinge, na kutoka hapo zikaenea. Wanaume walikuja majira ya baridi, shamba likiwa limelala. Wanawake walikuja kiangazi. Mpaka leo shule za asili hiyo nchini Denmark haziruhusiwi kutahini. Sasa hapo ndipo kauli ya "waliofeli" inapokosa pa kusimama: mahali pasipo na mtihani hapana aliyefeli. Chuo kilichobuniwa makusudi ili mtu asipimwe kwa karatasi, sisi tumekigeuza kuwa ghala la waliokataliwa na karatasi.

Nitajibiwa kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Ripoti ya furaha duniani ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2012 iliiweka Denmark nafasi ya kwanza, na tangu hapo nchi hiyo haijashuka mbali. Basi kila anayeulizwa sababu anataja fedha, au anataja mishumaa na mablanketi yanayouzwa siku hizi kwa jina la maisha mazuri ya Kidenmark. Anayesema hivyo hajatazama tarehe. Rødding ilifunguliwa katika nchi ya wakulima wadogo, miaka 56 tu baada ya kufutwa sheria iliyowafunga vijana wa vijijini kwenye mashamba ya mabwana. Mwaka 1864 Denmark ikapigwa vita na Prussia na Austria, ikapokonywa Schleswig na Holstein. Rødding yenyewe ikabaki upande wa adui, na walimu wakavuka mpaka mpya kwenda kuanza upya Askov mwaka uliofuata. Miaka ya 1870 nafaka ya bei rahisi kutoka Marekani na Urusi ikafurika Ulaya, na bei ya shayiri na ngano ya mkulima wa Denmark ikaanguka. Nchi iliyoshindwa vita, imekatwa eneo na mazao yake hayauziki: hiyo ndiyo Denmark iliyozijaza shule za Grundtvig. Shule zilitangulia, utajiri ukafuata.

Ulifuata kwa njia inayoonekana kwa macho. Mwaka 1882, katika kijiji cha Hjedding magharibi mwa Jutland, wakulima walianzisha kiwanda cha maziwa cha ushirika. Asubuhi mkokoteni unapita nyumba kwa nyumba kukusanya makopo. Maziwa yanapimwa, kisha yanamiminwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi na kutenga malai. Malai yanakuwa siagi inayosafirishwa kwenda Uingereza, na maziwa yaliyobaki yanarudi kwa mwenye ng'ombe akalishie nguruwe wake, ambao nao wanauzwa. Mtu analipwa kwa kadiri ya maziwa aliyoleta, lakini mkutanoni mwenye ng'ombe mmoja na mwenye thelathini wana kura moja moja. Walikuwa na msemo kwamba kura huhesabiwa kwa vichwa vya watu, ng'ombe hawapigi kura. Miaka 25 haikupita, viwanda vya namna hiyo vikawa zaidi ya elfu moja, na miongoni mwa waliochaguliwa kuviongoza walikuwamo vijana wengi waliopitia zile shule zisizo na cheti. Hapakuwa na miujiza. Mtu aliyezoea kukaa miezi mitano na wenzake, akabishana nao jioni na kula nao asubuhi, haogopi kuuliza hesabu ya siagi mbele ya tajiri wa kijiji.

Mwalimu Nyerere aliyaelewa hayo vizuri kuliko wanaomsifu leo. Katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967 alilaumu elimu inayomfanya mtoto wa shule ya msingi aishi kwa ajili ya mtihani wa kwenda sekondari, na kumwona asiyechaguliwa kuwa ameanguka. Mwaka 1970 akautangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Redioni zikaja kampeni za masomo: Wakati wa Furaha mwaka 1971, Mtu ni Afya mwaka 1973, Chakula ni Uhai mwaka 1975. Kwenye Mtu ni Afya walishiriki watu wapatao milioni mbili. Kundi lilikaa chini ya mwembe kuizunguka redio moja, ajuaye kusoma akawasomea wenzake kijitabu, wakabishana kuhusu mbu na maji machafu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hakuna aliyepewa alama, na vyoo vilichimbwa. Kisha, kuanzia mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden ambayo ilikwishachukua mfano wa Grundtvig kutoka kwa jirani yake, vikaja Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyofikia 54 nchi nzima.

Kibaha ingepaswa kuijua habari hii kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1963 Denmark, Finland, Norway na Sweden zilianza na serikali ya Tanganyika mradi mmoja pale, na tarehe 10 Januari 1970 mradi huo ukakabidhiwa kwa Tanzania ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Ndani yake mlikuwa na shule ya sekondari, kituo cha mafunzo ya wakulima na kituo cha afya kilichokua kuwa hospitali ya Tumbi, kwa sababu maadui walikuwa watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na hakuna aliyedhani kwamba mmoja angepigwa peke yake. Sekondari na mafunzo ya wakulima ni mapacha, walizaliwa siku moja kwenye kitanda kimoja. Leo pacha mmoja anaimbwa: Kibaha Sekondari, shule ya vipaji, jina linalotajwa kila matokeo yanapozungumzwa. Pacha wa pili, ambaye ndiye chuo cha wananchi, anatajwa kama mahali pa kumpeleka aliyeshindwa na wa kwanza. Na wala tusidanganyane kwamba ugonjwa huu umepona tangu Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023. Wazazi wanazipanga wenyewe kwenye simu na kuzituma kwenye makundi, na shule binafsi zinachapa mabango ya sura za watoto na alama zao na kuyatundika kando ya Barabara ya Morogoro kana kwamba ni bidhaa zilizowasili dukani.

Kosa letu kubwa lakini lina tarehe, na sijui kwa nini halisemwi. Vyuo vilianza mwaka 1975. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vya ushirika. Shule ya kumfundisha mwanachama ilifunguliwa, na mwaka mmoja baadaye chama chenyewe kikafungwa. Sheria ya kuvirudisha vyama ilikuja mwaka 1982, na kufikia hapo chuo cha wananchi kilikuwa kimeshaanza kutafuta kazi nyingine ya kufanya, nayo ikawa ushonaji, useremala, umeme na kufyatua matofali. Denmark shule na ushirika vilikwenda kama chanda na pete. Sisi tulinunua pete tukakata chanda. Kisha tunashangaa pete kutokuwa na kazi.

Matokeo yake yanaonekana Kisarawe msimu wa korosho. Mkulima anapeleka magunia kwenye ghala la chama cha msingi, yanapimwa, yanapangwa daraja, anapewa risiti, kisha anasubiri mnada. Bei ya mnada inatangazwa, na baada yake yanakuja makato: ya chama, ya ghala, ya magunia, ya usafiri. Kinachoingia benki ni kile kilichobaki, na swali la kwa nini kimebaki hicho linaulizwa barabarani, kwenye kahawa, nyumbani, kila mahali isipokuwa kwenye mkutano mkuu wa chama, ambako ndiko lingejibiwa kisheria. Wapo wanaochoka kusubiri na kuziuza korosho mapema kwa wachuuzi wa kangomba kwa bei ya kutupa. Wanaoshindwa kabisa wanaingia msituni Kazimzumbwi kuchoma mkaa wa kupeleka Dar es Salaam, na sisi tunawaandikia faini. Mkulima huyu hakukosa akili wala hakukosa hesabu, maana akiuza mihogo barabarani hakuna anayempunja hata shilingi hamsini. Alichokosa ni mazoea ya kusimama mbele ya mwenyekiti na kusema: nisomee makato haya moja moja. Mazoea hayo hayafundishwi kwa mtihani wa kuchagua herufi A mpaka D. Ndiyo kazi iliyobuniwa kwa ajili yake shule ya Rødding, na ndiyo kazi ambayo chuo cha Kisarawe kingeweza kuifanya kama tusingekitukana.

Nimesikia hoja kwamba mfano wa Denmark haufai kwetu kwa kuwa huko kuna baridi, watu hawana cha kufanya miezi mitano ndiyo maana wanakwenda shule. Hoja hii inatolewa na watu wazima. Kana kwamba Kisarawe hakuna kipindi shamba linapumzika, kana kwamba kati ya minada ya korosho kumalizika na masika kuanza Machi wakulima wote wako shambani usiku na mchana, na mabao yanayochezwa chini ya miembe yanachezwa na mizuka. Hoja nyingine ni ya vyeti: kijana wa leo anataka cheti kitakachompa ajira, hawezi kupoteza miezi kwa mazungumzo. Simdharau fundi. Fundi umeme aliyefundishwa Kibaha ana thamani kuliko msomi asiyeweza kubadili balbu, na ni vyema vyuo vinatoa ufundi unaotambuliwa. Lakini mtazameni fundi huyo miaka mitatu baadaye, anafanya kibarua kwa mkandarasi kwa malipo ya siku bila mkataba, hajui kwamba yeye na wenzake watano wangeweza kusajili kikundi na kuomba kazi ya halmashauri. Cheti anacho, alichokosa ni lile somo tulilolitupa.

Na hebu tuulize "waliofeli" hao ni nani hasa. Miongoni mwao wapo wasichana walioacha sekondari kwa sababu ya ujauzito. Mpaka Novemba 2021, serikali ilipowaruhusu kurudi, mlango wa shule ya kawaida ulikuwa umefungwa kwao, na vyuo vya wananchi ni kati ya milango michache iliyobaki wazi, vingine vikiwa na mahali pa kumlaza mtoto mama akiwa darasani. Msichana huyo hakufeli mtihani wowote. Hakuruhusiwa hata kuufanya. Anayesimama jukwaani na kumweka kwenye kapu la waliofeli anamhukumu mara ya pili kwa kosa ambalo mara ya kwanza lilikuwa letu.

Kitu cha kufanya hakihitaji wafadhili wapya kutoka Ulaya. Vyumba vipo, mabweni yapo, walimu wapo ingawa hawatoshi. Februari, minada ikiisha, chuo cha Kisarawe kichukue wakulima thelathini wa korosho kwa wiki tatu, wanawake na wanaume, waliomaliza darasa la saba na wasiomaliza, walale pale pale. Mezani ziwekwe sheria ya ushirika, katiba ya chama cha msingi na mzani mmoja wa ghalani, waufungue na kuufunga mpaka waujue. Jioni mmoja wao awe mwenyekiti na wengine wamhoji, kesho awe mwingine. Asiulizwe mtu cheti cha kidato cha nne getini. Aje na risiti yake ya msimu uliopita.