Makaburi ya Mashujaa, Chemchemi za Matogoro na Wajibu wa Muumini



Kila mwaka ifikapo tarehe 27 Februari, mji wa Songea huelekea Mahenge, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Majimaji. Viongozi wa mkoa na wa Manispaa, machifu na wazee wa Kingoni, wanafunzi na wageni kutoka mbali husimama pamoja mbele ya kaburi la halaiki. Tarehe kama hiyo mwaka 1906, utawala wa Kijerumani uliwanyonga viongozi wa vita vya Majimaji, na idadi inayokumbukwa hapa kwetu ni mashujaa 67. Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu unalibeba jina lake, ana kaburi lake peke yake. Kwa mapokeo ya ukoo wake na ya mji mzima, alizikwa bila kichwa, kwa maana kichwa chake kilichukuliwa kupelekwa Ujerumani.

Ngoma ya lizombe hulia, mashada huwekwa, hotuba husomwa. Kesho yake watu hurudi kwenye shughuli zao. Tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya zile siku nyingine za mwaka: nani anayelinda maeneo haya wakati hakuna kamera wala wageni? Na sisi waamini wa Songea tuna sehemu gani katika kazi hiyo?

Tukiri kwanza lililo jema. Makumbusho ya Majimaji hayakuanzishwa kwa amri kutoka Dar es Salaam. Yalianzia mikononi mwa wazee wa hapa na uongozi wa mkoa, ndipo baadaye yakaingizwa katika Makumbusho ya Taifa. Tunda la uaminifu huo tuliliona tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea, akakutana na wazao wa Nduna Songea, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zetu, na kuahidi juhudi za kukitafuta kichwa kile. Kama wenyeji wasingalilitunza kaburi, mgeni yule angalisimama wapi kuomba msamaha? Toba inahitaji mahali, na mahali hapo palitunzwa na watu wa kawaida kwa zaidi ya miaka mia moja.

Lakini historia ya Majimaji haikuishia penye uzio wa makumbusho. Kuna kilima cha Chandamali, ambako wenyeji husimulia kwamba Nduna Songea alijificha katika mapango yake. Kuna Maposeni, kwenye kumbukumbu za utawala wa Wanjelu na Nkosi Mputa Gama. Kuna Kitanda, upande wa Namtumbo, anakokumbukwa Mkomanile, mwanamke kiongozi katika safu ya wanaume. Maeneo ya namna hii yanakumbukwa zaidi kwa midomo ya wazee kuliko kwa karatasi, na wazee wanapungua huku mji ukipanuka. Kiwanja kikihitajika, mwenye tofali hamsubiri msimulizi.

Hapa tuitazame sheria, kwa sababu wengi hudhani kwamba kila kitu cha kale hulindwa chenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka. Jengo, kaburi au kazi nyingine ya mikono ya watu iliyokuwapo kabla ya mwaka huo hutambuliwa na sheria kwa umri wake. Kilichokuja baadaye huhitaji tangazo la Waziri mwenye dhamana. Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905, yaani miaka 42 baada ya mpaka huo. Maana yake ni kwamba mahali pa Majimaji hapapati ulinzi huo kwa sababu ya umri. Lazima mtu apatambue, apaandike, apapime na kupaombea tangazo. Waziri hawezi kukitangaza kilima asichoambiwa habari zake. Atakayemwambia ni mtu wa kata, na kwa hiyo uzito wote unarudi kwa Serikali za Mitaa.

Linganisheni jambo hilo na milima yetu ya Matogoro. Pale unaanzia Mto Ruvuma, unaosafiri kilometa zipatazo 800 hadi Bahari ya Hindi, ukiwa mpaka kati yetu na ndugu zetu wa Msumbiji kwa sehemu kubwa ya safari yake. Kwa ajili ya mito na vyanzo vya maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataja kipimo kilicho wazi: mita 60 ambazo ndani yake hairuhusiwi shughuli ya kudumu ya kibinadamu inayoweza kuviharibu. Tunajua kwamba kipimo hicho huvunjwa mara nyingi. Hata hivyo, mwananchi wa Matogoro akimwona jirani yake akilima kwenye chemchemi, ana neno la kumwambia na ofisi ya kuiendea. Je, akiona msingi wa nyumba unachimbwa karibu na pango la kihistoria au kaburi la zamani, atataja mita ngapi? Pasipo mpaka uliopimwa, hata mwenye nia njema hana pa kushika.

Kwa sababu hiyo tunaona kwamba kipimo cha juhudi za Halmashauri zetu kisiwe ukubwa wa tamasha. Kiwe maswali manne mepesi. Je, eneo limepimwa na kuwekewa mawe ya mipaka? Je, lina hati, na hati hiyo iko kwa jina la nani? Je, Baraza la Madiwani limelitungia sheria ndogo, kwa mamlaka waliyopewa na sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982? Na je, katika bajeti kuna fungu la kufyeka majani, kukarabati na kumlipa mlinzi? Diwani anayekuja kuomba kura anaweza kuulizwa maswali haya manne kama anavyoulizwa habari za barabara na zahanati.

Biblia yenyewe inatufundisha jambo hili kwa namna inayoshangaza. Katika sura ya 23 ya kitabu cha Mwanzo, Sara amekufa na Ibrahimu ni mgeni katika nchi. Wahiti wanampa mahali pa kuzika bure. Ibrahimu anakataa. Anapima shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi, langoni pa mji, na Maandiko yanaorodhesha kilichonunuliwa: shamba, pango lililomo, na miti yote ndani ya mipaka yake. Baba yetu wa imani hakutosheka na maneno matamu ya majirani juu ya kaburi la mkewe. Alitaka mpaka na mashahidi. Vilevile kitabu cha Kutoka kinasimulia kwamba siku Waisraeli walipotoka Misri, katika haraka ile yote, Musa aliichukua mifupa ya Yusufu. Wanaodai kichwa cha Nduna Songea kirudi nyumbani hawadai jambo geni kwa msomaji wa Biblia.

Wapo wanaouliza kwa uchungu wa kweli: mbona fedha hizo zisiende kwenye madawati na dawa? Hatulidharau swali hilo. Lakini kupima eneo, kuandika masimulizi ya wazee na kutunga sheria ndogo hakugharimu kama kujenga zahanati, na kinachopotea hapa hakinunuliki tena. Zahanati iliyochelewa mwaka huu yaweza kujengwa mwaka ujao. Pango lililovunjwa kwa ajili ya kokoto halijengwi.

Wengine, hasa miongoni mwetu waamini, wana wasiwasi wa namna nyingine. Wanauliza kama inafaa Mkatoliki awaheshimu watu walioamini maji ya dawa na kuomba kwa mahoka. Swali hili ni zito zaidi kwetu, kwa sababu Kanisa lenyewe limo ndani ya historia hii, tena pande zote mbili za jeraha. Misheni ya Peramiho ilianzishwa mwaka 1898 na Wabenediktini chini ya Padre Cassian Spiss. Tarehe 14 Agosti 1905, akiwa sasa Askofu, aliuawa njiani katika nchi ya Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwaka huohuo Peramiho ikachomwa moto. Lakini wanahistoria wanaeleza pia kwamba kabla ya vita, mmisionari alikuwa amekichoma kibanda cha mahoka cha Mputa, na uchungu wa tendo lile haukusahaulika. Kisha, waliohukumiwa walipokuwa wakingoja kitanzi, padre aliwaendea gerezani, na baadhi yao wakabatizwa kabla ya kufa.

Basi tukiwa mbele ya kaburi lile tunasimama mbele ya watu ambao baadhi yao ni ndugu zetu katika Ubatizo. Na wale wasiobatizwa nao ni mababu wa hawa wanaojaza makanisa yetu leo. Kuwaheshimu si kuabudu mahoka. Ni kutii amri ya kuwaheshimu baba na mama, na ni kazi ya huruma inayohusu wafu, ambayo Tobiti aliifanya kwa kuhatarisha maisha yake. Kumbukumbu yenye afya hutaja majina yote: Mputa na Spiss, Nduna Songea na wale waliokufa kwa njaa baada ya mazao kuteketezwa na jeshi la wakoloni. Anayetaka kukumbuka upande mmoja tu hajakumbuka bado.

Kwa kuwa tunaidai Serikali, ni haki nasi tujipime. Sheria za Kanisa ziko wazi. Kanuni ya 535 inaagiza kila parokia iwe na hifadhi ya vitabu vyake, na kwamba vitabu vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Kanuni ya 1283 inadai orodha kamili ya mali, pamoja na vitu vya thamani vinavyohusu utamaduni. Kanuni ya 1292 inakataza kuuza au kutoa vitu vya thamani ya sanaa au historia pasipo ruhusa ya Kiti Kitakatifu. Kwa hiyo kanisa la zamani la misheni, kengele yake, makaburi ya makatekista wa kwanza, na rejesta ya Ubatizo inayotafunwa na mchwa kabatini si takataka za kupisha ujenzi mpya. Katika rejesta hizo yamo majina ya mabibi na mababu ambayo pengine hayakuandikwa mahali pengine popote.

Tunapendekeza basi mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa kila parokia. Kwanza, halmashauri ya walei iorodheshe maeneo ya kihistoria yaliyo katika mipaka ya parokia, ya Kanisa na yasiyo ya Kanisa, na kuipeleka orodha hiyo kwa Mtendaji wa Kata na kwa Afisa Utamaduni. Pili, vijana wa jumuiya ndogondogo wawarekodi wazee kwa simu zao, wakiandika jina la msimulizi, mahali na tarehe. Tatu, katika mwezi wa Novemba, mwezi wa Marehemu Wote, jumuiya zifanye usafi wa makaburi ya zamani na kusali hapo, yakiwemo yale ambayo hayana tena ndugu wa kuyatunza.

Ibara ya 27 ya Katiba yetu inamwekea kila mtu wajibu wa kulinda mali ya umma na maliasili ya nchi, na wajibu huo haumngoji mwenyekiti wa mtaa. Watoto wanaoteka maji yashukayo kutoka Matogoro watauliza siku moja kwa nini mji wao unaitwa Songea. Tuwaachie mahali pa kupelekwa na mtu mzima, wakaone kwa macho yao, na kumwombea marehemu raha ya milele.