Kodi ya Chicago Imnufaishe Nani?

Sheria ya jimbo la Illinois, Marekani, ya mwaka 1977 inaruhusu mji kutenga eneo lililochakaa na kugandisha thamani yake ya kodi kwa miaka 23. Shule na huduma nyingine hutegemea thamani ile ya zamani. Kodi ya nyongeza yote huingia katika mfuko wa kuliendeleza eneo hilo.

Pale ambapo mtaa umekufa kweli, utaratibu huu hauna kosa. Lakini mwaka 2019 madiwani wa Chicago waliidhinisha hadi dola bilioni 1.3 kwa mradi wa Lincoln Yards. Ni kweli palikuwa na kiwanda cha chuma kilichokwisha kubomolewa. Lakini jirani yake ni Lincoln Park, mtaa wa matajiri! Ardhi ya namna hiyo ingepanda thamani hata bila ruzuku, na kodi yake ingeongeza mapato ya shule au kuwapunguzia mzigo walipa kodi wengine.

California, iliyouanzisha utaratibu huu mwaka 1952, iliyavunja mashirika yake ya uendelezaji mwaka 2012. Madiwani waliopiga kura ile ya Chicago hawana budi kuwaeleza wakazi ni kitu gani hasa kilichochakaa pale.