Mlango Ukifungwa, Wimbo Hupita Dirishani

Juzi barazani kwetu Mji wa Kale, kijana mmoja alitusikilizisha kwenye simu wimbo wa Macklemore, rapa wa Seattle, Marekani. Wimbo waitwa "Hind's Hall", na aliutoa Mei 2024. Jina hilo lilitoka kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliolikalia jengo la chuo na kulipa jina la Hind Rajab, mtoto wa Kipalestina aliyeuawa Gaza mwezi Januari mwaka huo.

Mzee mmoja aliweka kikombe cha kahawa chini. "Sasa huyu Mmarekani aisema serikali yake mwenyewe?"

"Naam, babu. Na wengi wamuunga mkono."

Mzee akatikisa kichwa. Kwake Marekani ni moja, na sauti yake ni ile ya rais kwenye taarifa ya habari. Nilirudi nyumbani nikilifikiria swali lake, kwani nyimbo zatuonyesha jambo ambalo taarifa ya habari hulificha: hakuna taifa linaloingia vitani na moyo mmoja.

Tazama vita vya Vietnam. Mwaka 1966, Barry Sadler, sajini aliyejeruhiwa huko, aliimba kuwasifu makomando wenzake, na wimbo wake ukakaa nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki tano. Miaka minne baadaye nafasi hiyo hiyo ilishikwa na Edwin Starr kwa wimbo "War", unaolaani vita waziwazi. Na si kwamba nchi nzima ilikuwa imegeuka. Mwaka 1969 Merle Haggard alipata umaarufu mkubwa kwa wimbo wa kuwatetea watu wa miji midogo waliochukizwa na vijana waandamanaji. Huo "War" wenyewe ulirekodiwa kwanza na kundi la Temptations, lakini kampuni yao, Motown, ilihofia kuwapoteza mashabiki, ndipo ukapewa Starr.

Basi palikuwa na hofu, lakini pande zote mbili zilisikika. Mwaka 2003 mambo yalikuwa mengine. Siku kumi kabla ya Iraq kuvamiwa, Natalie Maines wa kundi la Dixie Chicks alisimama jukwaani London akasema wanaona haya kwamba Rais Bush atoka Texas, jimbo lao. Wakati huo wimbo wao ulikuwa ukiongoza chati ya muziki wa kantri, na wimbo wenyewe ulimhusu askari kijana aliyekufa Vietnam! Vituo vingi vya redio viliacha kuwapiga. Watu walileta CD zao zikapondwapondwa na trekta. Huko Colorado, watangazaji wawili walisimamishwa kazi kwa kuwapiga. Nyimbo za kuunga mkono vita, kama ule wa Darryl Worley, ndizo zilizopanda juu.

Aliyesikiliza redio hizo angedhani Wamarekani wote wamekubaliana, ilhali maelfu kwa maelfu walikuwa mabarabarani wakiandamana. Mwaka 2007, vita vikiwa vimewachosha, Dixie Chicks walipata tuzo tano za Grammy.

Macklemore hakungoja mtu wa redio. Aliuweka wimbo wake kwenye mitandao ya kijamii, akaahidi mapato yake kwa UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa linalowahudumia wakimbizi wa Kipalestina. Mlango wa zamani una bawabu bado, lakini dirisha li wazi.

Haya si ya Marekani peke yake. Oktoba 2011 majeshi yetu yalipovuka mpaka kuingia Somalia, baraza letu liligawanyika. Wako waliosema nchi lazima ilindwe. Wako waliouliza tutatokaje, na ni nani atakayelipa gharama. Mmoja aliyeuliza tulimpigia kelele, nami nilikuwamo, hadi akanyamaza. Januari 2016, habari za wanajeshi wetu waliouawa El Adde zilipofika, nilimkumbuka. Katika miaka yote hiyo, mimi sikumbuki kusikia redioni wimbo hata mmoja ulioliuliza swali lake.

Na sisi ndio watu wa Pwani! Bibi zetu wa vyama vya lelemama walishindana kwa nyimbo, huyu akitupa fumbo na yule akilifumbua. Katika taarab, aliyeimbwa hujibu kwa wimbo. Hatukufunzwa kumziba mtu mdomo. Tulifunzwa kumtungia jibu.

Ndiyo maana nikisikia redio zote zaimba sauti moja wakati wa vita, siamini kuwa watu wamekubaliana. Najiuliza ni nani aliyenyamazishwa. Na yule mwenzetu wa 2011, akirudi barazani, kahawa yake nitamlipia mimi, nami nitamwacha amalize kusema.