Matembezi ya Kiangazi: Mji wa Pangani na Mto Wake



Siku za kaskazi zikifika na shule zikifungwa, wazazi na walimu wengi hupenda kuwachukua watoto wakatazame nchi yao. Jambo hilo ni jema sana, maana mtoto aliyeona kwa macho hasahau upesi kama yule aliyesoma tu kitabuni. Basi mwezi huu nataka kuwaeleza habari za mji mmoja mdogo ufaao kwa safari ya namna hiyo, nao ni Pangani, ulio kadiri ya kilometa 50 kusini ya Tanga, mahali mto unapoingia katika bahari.

Mgeni afikapo Pangani mara ya kwanza huenda akasema moyoni, Je, ndio huu tu? Maana mji si mkubwa, na mtu aweza kuuzunguka kwa miguu asubuhi moja. Ataona nyumba za kale, nyingine zimebomoka, milango ya nakshi, minazi, na watu wenye adabu wasio na haraka. Akitazama hayo na kurudi zake, hakuiona Pangani. Ufunguo wa mji huu ni mto. Kila jambo lililopata kutokea hapa, la heri na la shari, lililetwa na mto; na atakaye kuujua mji na auanze mtoni.

Kwanza na avuke kwenda Bweni, ng'ambo ya pili. Tangu zamani watu huvuka kwa mitumbwi, na baadaye kwa pantoni, na katika miaka hii ya 2020 imeanza kazi ya kujenga daraja kubwa. Lakini hata kwenye daraja, mgeni asikose kuvuka mara moja kwa maji, kwa sababu ukiwa katikati ya mto ndipo unapouona mji vizuri, umejipanga ukingoni kama watu wanaongoja chombo. Tena akiisha kuvuka na apande mahali pa juu upande wa Bweni, atazame mlango wa mto, na maji ya rangi ya udongo yakisukumana na maji ya bahari.

Maji hayo yametoka mbali. Mto Pangani, pamoja na vijito vyake vya juu, una urefu wa kadiri ya kilometa 500. Mikono yake miwili mikubwa, Kikuletwa na Ruvu, hushuka kutoka upande wa milima ya Meru na Kilimanjaro na kukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu; kisha mto hupita chini ya milima ya Upare na Usambara, ukipokea maji ya Mkomazi na Luengera. Njiani huzungusha mitambo ya umeme, kama ile ya Hale, iliyoanza mwaka 1964, na ile ya maporomoko ya Pangani, iliyojengwa upya na kumalizika mwaka 1995. Mwalimu aliye na ramani na aichukue safarini. Watoto wakae ukingoni na wafuate mto kwa kidole mpaka kwenye theluji ya Kilimanjaro, wapate kufahamu kwamba maji yanayopita mbele yao yamekwisha kunywesha mashamba na miji mingi kabla ya kufika hapo.

Pili, na akodi mashua aende juu ya mto. Wakati ulio mzuri ni asubuhi mapema, au jioni jua likiisha kupungua ukali. Atapita katikati ya mikoko, kisha minazi mingi pande zote mbili. Ataona ndege wa namna nyingi, na pengine mamba ameota jua juu ya tope. Kwa hiyo watoto wasitie mikono majini, wala mtu asioge mtoni hata akiona maji yametulia. Kuoga ni baharini, tena kwa kuwauliza wenyeji kwanza, kwa sababu karibu na mlango wa mto mkondo una nguvu.

Katika bonde hilo la mto, karne ya 19, palikuwa na mashamba makubwa ya miwa. Wenyewe walikuwa Waarabu na matajiri wengine wa pwani, nao walikuwa na vinu vya kushindika miwa na kutengeneza sukari. Sukari hiyo ilipata fedha nyingi, lakini mikono iliyolima, iliyokata na iliyoshindika ilikuwa mikono ya watumwa. Tena Pangani ilikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo bara, iliyoleta pembe za ndovu na wanadamu pamoja. Hata baada ya mwaka 1873, Sultani Barghash wa Unguja alipotia sahihi mapatano ya kukataza kusafirisha watumwa baharini, vyombo viliendelea kutoka kwa siri usiku kwenda Pemba. Mgeni akionyeshwa magofu ya siku zile karibu na mto, asiyapite kwa mzaha na kupiga picha tu. Na asimame kidogo, awaeleze watoto kwa maneno wanayoweza kuyafahamu. Wengi katika sisi tumetoka katika jamaa zilizouzwa, au zilizouza. Na yafaa mtoto alisikie jambo hili kwa mzazi wake, katika mahali penyewe, kuliko kulisikia barabarani.

Tatu, na atembee mjini, aende hata kwenye boma, nyumba kubwa ya kale yenye milango ya nakshi, ambayo wenyeji husimulia habari zake nyingi. Hapo ndipo pa kukumbuka mambo ya mwaka 1888. Mwaka ule Sultani Khalifa aliipa Kampuni ya Kijerumani ruhusa ya kutawala forodha za pwani kwa jina lake. Watu wa Kampuni walipofika Pangani waliwadharau watu na desturi zao, na mji ukaondoka kwa hasira. Aliyetokea kuwa kiongozi ni Abushiri bin Salim, na vita vilienea pwani. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann Wissmann pamoja na askari wengi, na mwisho Abushiri alikamatwa akanyongwa hapa Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Watu wengi humtaja kwa ushujaa wake wa kukataa wageni, nao wana haki. Lakini mwalimu atakaye kusema kweli yote na aongeze kwamba Abushiri naye alikuwa na shamba la miwa, na watumwa ndani yake. Mtoto mwenye akili aweza kuyachukua maneno hayo mawili pamoja.

Miaka michache baadaye jambo jingine likaanza karibu na mto huu. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, katika Marekani. Njiani karibu yote ilikufa, ikasalia 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, kusini ya mto Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyojaza nchi ya Tanga na bara yake, hata katika miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ya kwanza ulimwenguni kwa mkonge. Na mpenda lugha na akumbuke pia kwamba Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alifanya kazi ya ukarani wa forodha hapa Pangani katika ujana wake.

Nne, kama bahari imetulia, na aende Maziwe. Hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize sana. Maziwe ilikuwa kisiwa kamili, chenye mivinje, na kasa wengi walipanda huko kutaga mayai. Katika pwani yote ya Tanzania palikuwa mahali pao palipo bora. Kisha miti ikakatwa. Mchanga usio na mizizi ya kuushika ukachukuliwa na mawimbi kidogo kidogo, na kufika mwisho wa miaka ya 1970 kisiwa kilikuwa kimezama. Sasa ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Matumbawe yangali kando yake, na samaki wa rangi zote, na kwa sababu hiyo mahali hapo pamewekwa chini ya ulinzi. Mgeni hufurahi sana kuogelea hapo na kutazama.

Lakini kasa hawakupata habari ya kwamba kisiwa kimekwisha. Wamekuwa wakirudi kutaga katika fungu lile, na mayai yakiachwa hapo hufa kwa maji. Kwa hiyo watu wa Ushongo, pwani ya kusini ya Pangani, wamefanya kazi ya kuyachukua mayai na kuyafukia upya katika mchanga wao, mahali maji yasipofika, na kuyalinda hata yaanguliwe. Mgeni akijaliwa kuona vitoto vya kasa vikikimbilia bahari, atakuwa ameona jambo ambalo fedha haiwezi kulinunua. Asivishike, asiviwashie taa, wala asikubali kununua gamba la ng'amba kwa mtu yeyote.

Nayasema hayo kwa sababu mlango wa mto nao una shida iliyo ndugu wa shida ya Maziwe. Maji ya mto yanayofika chini yamepungua, kwa kuwa hutumiwa sana huko juu, na bahari hupata nafasi ya kuingia. Wakulima wa kando ya mto wameona maji ya chumvi yakipanda mbali kuliko zamani na kuharibu mashamba yao; na ukingo wa mji umeliwa hata ikapasa kujenga ukuta wa kuuzuia. Mtu wa Moshi au Arusha afunguapo mfereji wake hamwoni mtu wa Pangani. Lakini mto unawajua wote wawili. Basi ninyi mlio juu ya mto, njooni muone unapoishia.

Sasa maneno machache ya safari. Masika, tangu Machi hata Mei, njia huharibika, wala bahari si ya kuaminiwa. Njooni katika kiangazi. Kabla ya kwenda Maziwe mwulizeni nahodha saa za kupwa na kujaa, maana ukichelewa hukuti kitu ila maji. Chukueni kofia, maji ya kunywa, na nguo ya kujifunika mabega, kwa sababu ya jua la juu ya maji. Mjini vaeni kwa heshima, salimuni kabla ya kuuliza, na wapeni wenye mashua na waongozi ujira wao bila ya kuwapunja. Mwenye siku zaidi na aendelee kusini hata hifadhi ya Saadani, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ambapo nyika ya wanyama imepakana na bahari yenyewe.

Na mwalimu atakaporudi nyumbani na wanafunzi wake, na awape kazi moja: kila mtoto aandike jina la kijito kilicho karibu na nyumba yao, aulize kinakwenda wapi, na ni nani aliye mwisho wake.

Kwaherini hata mwezi ujao.