Msomi wa Kwanza Nyumbani
Mwanafunzi wa kizazi cha kwanza, yaani yule ambaye wazazi wake hawakufika chuoni, huingia Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2017, bila mtu nyumbani wa kumwelekeza jinsi ya kujaza fomu ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu au kuchagua kozi. Na ukame unapofyeka mifugo, ambayo ndiyo akiba ya mfugaji, karo hukatika, naye huenda akaahirisha masomo. Pengo hilo la elimu lina historia, kwani Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulielekeza uwekezaji katika maeneo yenye rutuba na mvua, si yale makavu ya wafugaji, hivyo babu aliyekosa shule alimrithisha mjukuu mzigo ambao basari pekee, pasipo mshauri, haiwezi kuutua.