Si kila homa ni malaria, jamani

Leo nina la moyoni. Huku hosteli mtu akipigiwa simu na dada yake kwamba mtoto anachemka, jibu ni lile lile: "Malaria hiyo, mpeni dawa." Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linasema pima kwanza, dawa baadaye. Sasa udaktari huu wa kwenye simu tumeutoa wapi?

Mtoto mwenye homa na kikohozi anaweza kuwa na nimonia, na kuishuku hakuhitaji mashine. Akiwa ametulia, mfunue kifua, hesabu pumzi dakika nzima. Chini ya miezi 2, zikifika 60 rudia kuhesabu. Zikibaki hapo ni hatari. Miezi 2 hadi 11, hatari inaanzia 50. Mwaka 1 mpaka kabla hajatimiza 5, ni 40. Na kama chini ya mbavu panabonyea anapovuta hewa, hospitali hapo hapo.

Kichanga ndiye wa kuogopa zaidi, maana anaweza kuumwa sana bila homa. Akigoma kunyonya, akilegea au mwili ukiwa wa baridi, huyo hasubiri kesho.

Msinielewe vibaya, kuhesabu si kutibu. Dawa zilizobaki kabatini ziacheni. Ila wewe wa sheria au uhasibu usiniambie haya ni ya wanaosomea udaktari. Simu yako ina saa, na nyumbani wanakuamini kwa sababu uko chuo. Basi ukipigiwa, usitaje ugonjwa. Uliza: mmehesabu pumzi?

Nawasilisha.